Hondohondo Kwenye Bati la Ndege

Watu wa Lushoto walimwita Mchoraji, na mimi sitamwita vingine. Jina lake la ubatizo nalijua, la ukoo pia, lakini aliyelitumia alikuwa mama yake peke yake. Ukiuliza njia ya kwenda kwake ulielekezwa kwa vibao alivyovichora mwenyewe: pita bucha lenye ng'ombe mwekundu, pita kinyozi mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja, ukifika penye mikaratusi utasikia harufu ya tapentaini. Hapo ndipo.

Nilipanda kutoka Tanga kuja kufundisha shule ya msingi muda mfupi baada ya Uhuru, nikapangishwa chumba ua mmoja naye. Nilikuwa msichana wa pwani, sijui baridi wala ukungu, na juma la kwanza nililia kila asubuhi nikinawa uso. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, aliniletea jiko la mkaa bila kuombwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umeinama kidogo, Mlutheri wa kufunga mdomo wakati wa sala na kuufungua sana baada ya sala. Aliniita mwanangu tangu siku ile. Mchoraji yeye aliniita Mwalimu, na ingawa alikuwa na umri wa kuwa baba yangu mdogo, hakuwahi kuiacha heshima hiyo hata tulipozoeana. Nikimpa shikamoo alikuwa anasimama kwanza, anaweka brashi chini, ndipo anaitika.

Alikuwa mtu wa polepole. Kibao cha duka kilimchukua majuma mawili, na mwenye duka akija kulalamika, jibu lilikuwa lilelile: "Ngoja ikauke." Alilitumia neno hilo kwa kila kitu. Majirani wakigombana mpaka wa shamba na kumwita awe shahidi, aliwaambia wangoje ikauke. Kijana akija kumwonyesha mchumba, ngoja ikauke. Bibi alikuwa akimdhihaki kwamba yeye mwenyewe amengoja hadi nywele zimeingia mvi, maana hakuoa. Milimani kule mwanamume mzima kukaa bila mke lilikuwa jambo la kuulizwa, naye aliulizwa, na mchungaji na wajomba na wanawake kisimani. Alitabasamu tu akaendelea kukoroga rangi.

Kitu kimoja ndicho alichokifanya upesi. Mtu akifa, awe wa kanisa lao, awe Mkatoliki wa Rangwi aliyefia hospitali ya Lushoto, awe Mwislamu ambaye ndugu zake walitaka kibao kidogo cha mbao, Mchoraji aliacha kazi zote na kuandika jina. Hakupokea hata yai. Aliandika kwa herufi nyeupe zilizosimama wima, na kabla ya kuanza alimwuliza mfiwa jina linaandikwaje, kisha akauliza tena. Nilimsikia siku moja akimkemea karani wa ofisi ya chama aliyekuja na jina limekosewa herufi. "Huyu hatarudi kukusahihisha," alimwambia. Yule karani, aliyekuwa mtu wa kujiona, aliondoka akarudi na jina sahihi.

Uhuru ulipokuja ndiye aliyechora bendera ukutani kwa ofisi ya chama, na mwenge juu ya mlango. Baada ya Azimio la Arusha alipewa kuta zote za mji kuandika Uhuru na Kazi, Siasa ni Kilimo, na maneno mengine ya nyakati zile. Aliyaandika vizuri hata wasiojua kusoma walisimama kuyatazama. Aliamini ujamaa kwa namna yake. Siku ya shamba la pamoja alikuwa wa kwanza kufika na jembe, ingawa alilima vibaya na wanawake walimcheka. Na rangi zilipoanza kuadimika madukani hakulaumu mtu. Alichanganya masizi, chokaa na udongo mwekundu wa barabara ya Soni, akasema ng'ombe wa bucha amependeza zaidi kuliko zamani.

Lakini kilichowaleta wageni kwake hakikuwa vibao. Kando ya jiko alikuwa na chumba kidogo chenye rafu, na juu ya rafu hizo palikuwa na vitu alivyorudi navyo kutoka Vita Kuu ya Pili. Alikuwa amechukuliwa na Mwingereza kwenda Misri, katika vikosi vya kazi. Hakubeba bunduki. Walijenga viwanja vya ndege jangwani, wakapakia petroli na mabomu, na ndege zikianguka wao ndio waliotumwa kukusanya vipande. Humo ndimo alimopata kofia ya ngozi yenye masikio, miwani ya rubani yenye kioo kimoja, saa ya ndege ambayo mishale yake haikusogea, na kitambaa cheupe cha mwavuli wa kurukia kutoka ndegeni, laini kama utando wa yai. Kipande cha kitambaa hicho Bibi alikishona kanzu ndogo ya ubatizo, na watoto wengi wa usharika ule walibatizwa ndani yake bila kujua kilikotoka.

Na palikuwa na picha. Marubani wale walipenda kuchorwa kitu kwenye pua ya ndege, karibu na mahali wanapokaa, ili ndege iwe na sura yake. Walipogundua kwamba Mwafrika mmoja kati ya wapakiaji anajua kuchora, walimtoa kwenye mapipa wakampa brashi. Aliwachorea simba, chupa, farasi, panya mwenye upanga. Wengi walitaka wanawake. Rubani mmoja alitaka mwanamke asiye na nguo kabisa, na Mchoraji, mtoto wa shule ya misheni, alimchora akamvika kanga.

"Akasemaje?" nilimwuliza.

"Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema vizuri, huyu ni wake peke yake, wengine wote wana wanawake wa namna moja."

"Alirudi?"

"Bati lake lile pale," alisema, akaonyesha rafu ya juu.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Picha zilizokuwa chumbani humo, zilizokatwa kwa mkasi wa mabati na kupunguzwa zikaingia begi la turubai, zote zilitoka kwenye ndege zilizoanguka. Zilizorudi salama ziliondoka na picha zao.

Nilipeleka darasa langu mara moja kutazama. Watoto waligombania kofia, nao walimwuliza vita vilikuwaje. Mchoraji aliyekuwa hodari wa maneno kuhusu rangi hakuweza kuwajibu. Aliwaambia jangwani kulikuwa na mchanga mwingi na chai ilikuwa tamu. Mtu aliyehifadhi mabaki ya ndege kwa uangalifu kiasi kile, akiyafuta vumbi kila Jumamosi, hakuweza kuvumilia ndege yenyewe. Ndege ndogo ilipopita juu ya milima kuelekea mashamba ya mkonge huko chini, alitoka kwenye ngazi yake, akaingia ndani, akakaa sakafuni ameegemeza mgongo ukutani hadi mlio upotee. Kisha alirudi akaendelea na herufi aliyoiacha. Hatukumwuliza.

Picha iliyo nzuri kuliko zote haikuwa katika chumba kile. Ilikuwa chumbani kwa Bibi, ukutani juu ya kitanda chake: hondohondo, yule ndege mkubwa wa misitu yetu, mdomo wake mzito umeelekea mbele, mabawa yamefunguka, na nyuma yake mstari wa milima ambao mtu yeyote wa Lushoto angeutambua. Pembe moja ya bati ilikuwa imekunjamana na rangi imebabuka. Bibi aliipenda picha ile mno. Alisema mwanawe alikuwa mbali kule jangwani lakini moyo wake ulikuwa hapa milimani, Magamba. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kabla hata hajawasha moto.

Bibi alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, mdogo wake Mchoraji, aitwaye Elia. Walikwenda vitani wote wawili, mdogo akimfuata mkubwa. Elia hakurudi. Mchoraji alimletea mama yao habari kwamba Elia alishikwa na homa, akalazwa hospitali ya jeshi, mchungaji akamwombea, akaomba maji, kaka yake akampa, akalala. Bibi aliniambia habari hiyo mara nyingi, kwa utulivu, kama mtu anayejua mtoto wake alitunzwa.

Nilikaa ua ule miaka kadhaa kabla Mchoraji hajaniambia mimi ukweli. Ilikuwa Jumapili mchana, Bibi yuko kanisani kwenye kikundi cha wanawake. Nilikuwa nimemwuliza kwa nini hakai kamwe katika chumba cha mama yake, kwa nini huzungumza naye akiwa mlangoni. Alisafisha brashi kwa muda mrefu kwa mafuta ya taa, kisha akasimulia akiwa amenipa kisogo.

Rubani mmoja kijana alimwomba amchoree ndege wa kwao, wa kwao Mchoraji, kwa kuwa alichoka na simba. Akamchorea hondohondo. Siku moja ndege ile ilirudi imepigwa, magurudumu hayakutoka, ikatua kwa tumbo na kuteleza nje ya njia yake hadi kwenye mapipa ya petroli. Wapakiaji walikimbia. Elia alikuwa katikati yao na hakukimbia upesi vya kutosha. Rubani naye aliungua. Mchoraji alikuwa mbali kidogo, akaona picha yake mwenyewe inakuja ardhini kwa kasi.

"Rubani alipata msalaba na jina," alisema. "Sisi walituzika upande wa pili wa barabara. Niliomba kipande cha ubao niandike. Sajenti akaniambia nisubiri. Kesho yake tukahamishwa."

"Na picha kwa nini ulimpa Bibi?"

"Sikumpa. Aliitoa kwenye begi langu siku niliyofika. Akaikumbatia. Ningesema nini, Mwalimu?"

Ndivyo alivyoishi tangu arudi, mlango mmoja na uongo wake. Nadhani ndiyo sababu hakuoa. Hakutaka kumwachia mke kazi ya kumtunza Bibi, wala hakutaka mtu wa tatu ndani ya nyumba atakayemwuliza.

Miaka michache baada ya Azimio, alikuja Mzungu mmoja mrefu, mvi kichwani, na gari la kukodi kutoka Mombo. Alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja kilekile jangwani, na sasa huko kwao alikuwa anakusanyia makumbusho ya ndege za vita. Hakujua jina la Mchoraji. Alichokumbuka ni kwamba alikuwapo mchoraji Mwafrika aliyesema anatoka milima ya Usambara. Aliuliza ofisi ya wilaya, akaelekezwa kwa vibao kama kila mtu.

Walishikana mikono wakasahau kuachiana. Mchoraji alijua Kiingereza cha jeshini, cha kupokea amri na kuomba rangi, kwa hiyo niliitwa kutafsiri. Mgeni alitazama rafu, akashika miwani, akacheka alipomwona mwanamke wa kanga, kisha akaacha kucheka kwa kuwa alimkumbuka rubani wake. Alikuwa mtu mwema. Sitaki asomwe vingine. Bibi, kwa ukarimu wake, aliagiza mgeni akaribishwe chai chumbani mwake ambamo mlikuwa na viti vya kuegemea. Mchoraji alijaribu kusema wanywee uani. Bibi hakusikia, au alisikia akapuuza.

Mgeni aliingia, akainua macho, akaona hondohondo.

Alisimama vilevile na kikombe mkononi. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini. Alisema hii ndiyo aliyoitafuta. Alisema alikuwapo siku ile. Akamtaja rubani, akasema alikuwa kijana mdogo, akaeleza ndege ilivyoteleza, moto ulivyowaka, na kwamba pamoja na rubani alikufa mpakiaji mmoja Mwafrika ambaye jina lake hakuwahi kulijua, jambo lililomsumbua siku zote.

Mchoraji alikuwa mlangoni. Alielewa yote.

"Anasema nini?" Bibi aliniuliza.

Nilimtazama Mchoraji. Hakunipa ishara yoyote.

"Anasema aliiona ndege hii ikianguka, Bibi."

"Hilo la kuanguka nalijua. Ndege ambayo haikuanguka haikatwi mabati. Amesema maneno mengi kuliko hayo. Anasema nini?"

Mgeni alitutazama mmoja mmoja, akihisi amekosea bila kujua kosa. Ndipo Mchoraji alipoingia, akapita katikati ya chumba, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akaanza kusema kwa Kishambaa. Kishambaa changu kilikuwa cha sokoni. Nilishika jina la Elia, nikashika neno la moto. Alisema kwa dakika chache tu.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageukia Kiswahili. Nafikiri alitaka awepo shahidi.

"Uliniambia homa."

"Nilikuambia homa, mama."

"Na mchungaji."

"Hakukuwa na mchungaji."

"Na maji? Uliniambia aliomba maji ukampa."

"Sikumpa. Walinishika mikono. Sikumfikia."

Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya dirisha.

"Na ndege yenyewe ni hii?"

"Ni hii."

"Mimi nimemfuta mwanangu kila asubuhi," Bibi alisema, "na hakuna aliyeniambia."

Nilimweleza mgeni kwamba yule mpakiaji alikuwa mtoto wa nyumba hii, na jina lake ni Elia. Aliweka kikombe sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa ya fundi. Hakuiomba tena ile picha. Lakini Bibi alitaka jambo liwe wazi.

"Mwambie, hii haiendi. Mwanangu hana kaburi lingine." Kisha akaongeza, "Mwongezee chai. Imepoa."

Asubuhi iliyofuata Mchoraji alipakia rafu zote kwenye katoni la sabuni: kofia, miwani, saa, simba, panya, mwanamke wa kanga. Alimkabidhi mgeni, akasema kwa Kiingereza chake, hivi ni vyenu. Mgeni alitaka kumlipa, akakataa, na gari likashuka Mombo. Kwa hiyo nadhani kuna mji huko Ulaya ambako watu hulipa kiingilio kumtazama mwanamke wa Kitanga na kanga yake, wakijiuliza amefikaje pale.

Bibi hakumlaumu mwanawe, na hilo ndilo lililomwumiza. Angemtukana, angemfukuza, angekuwa na pa kuanzia. Yeye aliendelea kumpakulia chakula na kumwuliza habari za kazi. Aliacha tu kuifuta picha. Alimwomba kitu kimoja: aandike jina la Elia juu yake.

Mchoraji alikubali. Alichanganya nyeupe, akaiweka picha kwenye meza uani, akakaa mbele yake. Nilipotoka kwenda shule alikuwa amekaa, niliporudi alikuwa amekaa. Siku nyingine hivyohivyo. Mtu aliyewaandikia wafu wa wilaya nzima hakuweza kuanza herufi E. Bibi alipitapita na ndoo akitazama. Baadaye rangi nyeupe ilikwisha madukani na Mchoraji akapata sababu, ingawa sote tulijua chokaa ipo.

Bibi alifariki mvua za masika, kwa kifua, baada ya kuugua kidogo. Siku ya maziko Mchoraji hakuonekana hadi jeneza lilipotolewa kanisani. Alikuja amebeba bati kifuani kwa mikono miwili, rangi bado mbichi, imemchafua koti. Chini ya mabawa ya hondohondo ilisomeka ELIA. Zilikuwa herufi mbaya, za kwanza mbaya nilizowahi kuziona kutoka mkononi mwake, moja kubwa, moja imelala. Mchungaji alisita, akamtazama, akaruhusu. Bati liliwekwa juu ya jeneza likashuka nalo, na Mchoraji alimwaga chepeo la kwanza la udongo.

Baada ya hapo nilihamishiwa shule ya Mnazi, huko bondeni, kisha nikarudishwa Tanga, nikaolewa. Habari zake nilizipata kwa watu wa mboga, waliozishusha kutoka Lushoto kuziuza sokoni Tanga. Walisema bado anaandika vibao, ila amepunguza. Walisema macho yanamsumbua.

Nilimwona mara ya mwisho Mombo. Nilikuwa safarini kwenda Moshi, basi letu limesimama watu wanunue machungwa, nikamwona ameketi kwenye kibaraza cha hoteli akisubiri gari la kupanda Lushoto. Alikuwa amevaa suti kuukuu iliyopigwa pasi, fimbo magotini. Nilimpa shikamoo. Alisimama kabla hajajua ni nani.

"Marahaba. Ni Mwalimu," alisema. "Sauti bado ya pwani."

Alikuwa ametoka hospitali ya Bombo, Tanga. Wamemwambia jicho moja limekwisha na la pili linafuata. Alilisema bila huzuni kubwa, kama habari ya jirani. Nilikaa kando yake. Niliuliza mashamba, akauliza watoto wangu. Nilifikiri atataja picha, au Bibi, au mgeni wetu. Katika miaka yote ile, kila alipomtaja Elia alitaja kufa kwake tu.

"Elia alikuwa anatembea mpaka Rangwi," alisema ghafla, "kusikiliza kinanda cha Wakatoliki. Sisi Walutheri. Mama alimchapa, akaenda tena. Akirudi alikuwa ananiimbia njia nzima, na sauti hana."

Aliigeuza fimbo magotini.

"Viazi vitamu alikula vibichi. Ng'ombe aliwaogopa mpaka amekuwa mkubwa. Na kulala, Mwalimu, alilala mguu mmoja uko nje ya blanketi, hata Julai, hata baridi ya Magamba. Jangwani usiku baridi ilikuwa kali, mimi namfunika, nikigeuka mguu uko nje tena."

Alicheka, kicheko kidogo, na uso wake ukawa wa mtu ambaye sikuwahi kumfahamu. Kondakta wa basi langu alianza kuita abiria. Nilisimama, naye akasimama.

"Tulikuwa tunayajua watu wawili," alisema. "Mama, na mimi. Sasa na wewe unayajua. Nenda, watakuacha."

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Watu wa mboga waliniambia. Kwa hiyo nimebaki mimi, ambaye Elia sikumwona hata siku moja, na najua alilala mguu mmoja nje ya blanketi.